Likizo ya Punguza, Muuza Mapazia

Sokoni hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Punguza, kwa kuwa neno hilo lilimtoka kinywani kabla ya salamu. Akinunua nyanya, punguza. Akipanda pikipiki, punguza. Mumewe, fundi wa majokofu, mtu mpole mwenye utani wa chini chini, alipenda kuwasimulia wateja wake kwamba siku mkewe alipojifungua mapacha, alimuuliza mkunga kama huyu wa pili ni nyongeza au naye analipiwa. Punguza hakuikanusha hadithi hiyo. Alisema tu kwamba mkunga alipunguza.

Alikuwa muuza mapazia. Alianza akiwa msichana, baba yao ameshafariki na mama yao anafua nguo za watu mpaka vidole vinachunika. Alitundika mapazia mawili begani, la buluu upande huu na la kahawia upande ule, akapita mlango kwa mlango akitazama madirisha ya watu kuliko nyuso zao. Kutoka begani akaingia kwenye meza ya kando ya njia, kutoka mezani akaingia kibandani, na hadi wakati wa habari hii alikuwa na duka lake lenye vyerehani viwili na fimbo za mapazia zilizosimama kwenye kona kama askari wembamba. Hakuna aliyemshika mkono. Yeye ndiye aliyewashika wengine: mdogo wake, kitindamimba wa mama yao, alisoma kwa mapazia hayo hayo, na alipopata kazi nje, kwenye ile nchi kubwa ambayo kila mtu ana ndugu wa jirani yake huko, nauli ilitoka kwenye droo ya Punguza.

Ustadi wake ulikuwa hivi. Ukimtajia bei, hakasiriki. Anacheka kidogo, na hakucheki wewe, anaicheka bidhaa. Anaigeuza, anaikwaruza kwa ukucha, anatazama nyuzi zake kwenye mwanga, kisha anairudisha mahali pake taratibu kama analaza mtoto mgonjwa, na kuondoka. Haondoki mbio. Anatembea mwendo wa mtu anayetaka kuitwa, na anaitwa. Miaka yote hiyo hakuwahi kufika mbali kabla hajasikia mtu akimwambia, mama, hebu rudi tuongee. Na juu ya yote alishika jambo moja, kwamba maneno ya muuzaji ni sehemu ya bei. Akikwambia kitambaa hiki kitachuja, chukua kile, ujue kile ndicho kinachomkalia dukani. Akikutisha, anauza. Akikuonea huruma, anauza zaidi. Punguza aliyajua hayo kwa sababu ndivyo alivyofanya yeye mwenyewe kutwa nzima.

Jambo hilo lilimlisha, likamjengea nyumba, likamvisha na kumsomesha mdogo wake. Halafu likamgharimu kitu ambacho hata hakikuwa chake.

Mama yao alikuwa na presha ya macho. Aliishi kwenye chumba cha nyuma ya duka, kilichokuwa stoo zamani, na aliuona ulimwengu kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa, na tundu lenyewe lilikuwa likiziba polepole kutoka pembeni. Alitiwa dawa ya matone asubuhi na jioni. Daktari hakuzunguka: kilichopotea hakirudi, matone yanalinda kilichobaki, msiruke hata mara moja, na hata mkiyafuata hivyo, siku moja giza litafika.

Mama hakulia. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa kitandani, akasema kama mtu anayeagiza chumvi, "Sauti yake ninayo. Nataka kumuona."

Hapakuwa na haja ya kuuliza nani. Simu za picha walishazijaribu, lakini kioo kile kidogo kwa macho ya mama kilikuwa taa inayochezacheza tu. Na mdogo mtu hakuweza kuja nyumbani. Alikuwa akimtunza mzee mmoja tajiri, anamuogesha, anamlisha, analala karibu naye, na makaratasi yake ya kuishi kule yalikuwa ya kuungaunga. Akitoka, asingeruhusiwa kuingia tena. Kwa hiyo kama ni kuonana, ilikuwa mama aende.

Punguza akaamua, na akishaamua huwa ameamua. Tena aliamua na zaidi: itakuwa likizo yake pia. Maishani mwake hakuwahi kuchukua likizo. Likizo aliiona ni ya watu wa maofisini, wale wanaolipwa hata wakilala. Habari zilipozagaa sokoni, jirani yake muuza vitanda alimuuliza kama kweli anaondoka, maana wafanyabiashara wote wa mstari ule wangepumzika pamoja naye.

Mdogo mtu alihangaika mpaka akapata wiki moja. Mtoto wa yule mzee angekuja kukaa na baba yake wiki hiyo, na mlezi angekuwa huru. Wiki hiyo tu, si nyingine, na ikiisha imeisha. Akatafuta chumba cha kuwapokea kwa rafiki yake. Akamwambia dada yake tarehe, akairudia, akamtaka na yeye airudie.

Ofisi ya wakala wa tiketi ilikuwa na kuta za vioo, feni, na mabango ya nchi za watu. Wakala mwenyewe alikuwa msichana mwenye sauti ya upole na kucha ndefu zilizogonga kompyuta kama mvua inayoanza. Akamtajia bei ya kwenda moja kwa moja mji anakoishi mdogo wake. Punguza akacheka. Akaomba nyingine. Wakala akagonga, akagonga, akasema ipo, na ni rahisi kuliko ile kwa mbali, ila inasimama viwanja viwili njiani, na inashusha mji mwingine.

"Nchi hiyo hiyo?"

"Nchi ni hiyo hiyo, mama. Lakini huo mji uko upande mwingine kabisa."

Akanyanyuka, akamuonyesha kwenye bango. Mji wa bei rahisi ulikuwa huku, mji wa mdogo mtu kule, na katikati kulikuwa na picha ya maporomoko ya maji, kana kwamba mtu ameyaweka hapo makusudi. Punguza akapima kwa kiganja kama anavyopima dirisha. Ilikuwa shibiri moja na kidogo. Bango la nchi yake mwenyewe lilining'inia pembeni, ukubwa ule ule, karatasi ile ile, na nchi yake aliijua: ukipanda basi alfajiri upande huu, jioni unashukia upande ule, umechoka lakini umefika. Shibiri moja na kidogo.

Hakufikiri kwamba mtengeneza mabango anaweza kuikunja nchi kubwa ikaenea kwenye karatasi ya nchi ndogo. Yeye aliyeishi kwa kupima, siku hiyo alipima karatasi.

"Ongeza kidogo tu, mama," wakala akasema. "Ushukie kwa mdogo wako. Usije ukahangaika na bibi mgonjwa."

Hapo ndipo wakala alipompoteza. Ongeza kidogo tu! Maneno hayo Punguza aliyauza kila siku ya Mungu, na hivyo hivyo, kwa sauti hiyo hiyo, na mara nyingi mgonjwa au bibi harusi anatiwa ndani ili mteja alainike. Akatabasamu kama fundi anayemuona mwanafunzi wake.

"Mwanangu, biashara utaiweza," akamwambia. "Nikatie hiyo ya upande mwingine. Kwenda na kurudi."

Mdogo wake aliposikia, alisema kwenye simu, dada, badilisha, huku ni mbali. Punguza akamwambia tangu aende kwa watu kila kitu kwake kimekuwa mbali, zamani alikuwa anatembea kwa miguu kwenda shule na hajawahi kufa. Mdogo mtu akajaribu tena. Dada mtu akamkata: nchi si moja, barabara si ipo, basi watapanda basi, na njiani wataona maporomoko, likizo iwe likizo. Mdogo mtu alishasomeshwa na huyu dada, akavishwa na huyu dada. Hakuendelea kubisha.

Mama, aliyekuwa akisikiliza, alisema yeye maji yanayoanguka alishayaona ya kutosha, paa lao la zamani lilivuja miaka mingi.

Safari haikuwa imeanza na kosa la pili likafungwa kwa zipu. Tiketi ya rahisi iliruhusu kila mmoja begi dogo la mkononi, na begi kubwa moja kwa wote wawili, la kupakiwa kwenye tumbo la ndege. Punguza alitaka kumpelekea mdogo wake mapazia, mazito, ya rangi ya dhahabu iliyokolea, kitambaa ambacho wateja wake hukishika na kukiacha kwa huzuni. Akafikiri kama mfanyabiashara anavyofikiri mzigo ukiwa njiani: kinachoibiwa kikae nami, kisichoibiwa kiende. Mapazia yanaibiwa. Dawa ya macho ya bibi kizee nani ataiiba? Akajaza mapazia kwenye mabegi ya mkononi, chupa za matone akazifunga kwenye kitenge, akazizamisha kwenye begi kubwa, akabakiza ile moja iliyokuwa inatumika, imebaki vitone. Cheti cha daktari akakiacha kwenye droo. Cha nini, na dawa ndiyo hiyo?

Aliyesafiri mara mbili tatu angemwambia. Lakini mumewe safari yake ndefu ilikuwa kwa wakwe.

Ndege za rahisi zina tabia zake. Kwenye uwanja wa pili abiria alitakiwa kuchukua begi lake mwenyewe, kulipitisha ukaguzi na kulikabidhi upya. Tangazo lilitolewa kwa lugha mbili, na hata moja haikuwa yake. Punguza alimshika mama yake mkono, akafuata watu waliokuwa wanatembea kwa haraka zaidi, akafika mlango wa ndege ya mwisho akijisifu kwamba hawakupotea. Walipotua kwenye mji wa bei rahisi walisimama kwenye mkanda wa mizigo mpaka ukabaki unazungusha begi moja la mtu mwingine, kisha na hilo likachukuliwa, kisha mkanda ukasimama.

Akampigia mdogo wake, akamkabidhi simu yule mtu wa mizigo. Wakazungumza kwa lugha ya kule. Begi lilikuwa limebaki nyuma, kwenye uwanja mwingine, kwenye nchi nyingine. Litaletwa. Lini? Litaletwa.

Mama alikaa kwenye kiti cha bati na kuuliza kama wameshafika. Punguza akasema wamefika. Kwa namna fulani hakusema uongo.

Vitone vya mwisho viliisha asubuhi iliyofuata. Wakaingia kwenye duka la dawa karibu na uwanja, safi kama jokofu jipya, na nyuma ya kaunta alisimama mfamasia mwenye koti jeupe. Punguza akamuonyesha chupa tupu. Mfamasia akaisoma, akatikisa kichwa kukubali kwamba anayo. Kisha akanyoosha mkono, akingoja kitu. Simu ikaenda tena kwa mdogo mtu.

"Anataka cheti cha daktari, dada. Wa huku."

"Mwambie ninayo chupa yenyewe. Dawa si hiyo hiyo?"

"Nimemwambia. Hawezi."

"Mwambie nitaongeza."

Neno hilo hakuwahi kulitamka maishani mwake kwa muuzaji yeyote.

"Huku haongezwi mtu," mdogo wake akasema. "Nendeni hospitali, mkaandikiwe. Foleni yake ni ya kutwa, lakini nendeni."

Kutwa nzima ya wiki ya watu! Punguza alipiga hesabu yake ya kichwani: akifika kwa mdogo wake, daktari atapatikana kule, na mtu wa kumsemea atakuwepo. Akaichukua chupa tupu, akaiweka mfukoni taratibu, akamshika mama yake mkono na kutoka. Alitoka ule mwendo wake. Alifika mlangoni, akausukuma polepole, akashuka ngazi. Akapita dirisha la duka. Mbele kidogo akasimama kabisa na kujifanya anafunga kamba ya kiatu. Hakuna aliyemwita.

Kituo cha mabasi kilikuwa kikubwa kuliko soko lao lote. Karani wa tiketi alisikiliza simu, akatazama mashine yake, akazungumza kwa muda mrefu, na Punguza alimtazama usoni. Kusoma nyuso ndiyo kazi iliyomlea. Uso wa karani haukuwa na biashara yoyote. Ulikuwa uso wa mtu anayempa mwingine habari mbaya.

Mdogo wake alipomrudia, sauti ilikuwa imebadilika. Basi lingeondoka jioni. Lingewafikisha mji mmoja, wabadilishe, lingine liwafikishe mji mwingine, wabadilishe tena. Kama yote yakienda sawa, wangefika kwake wiki ikiwa imebakiza siku yake ya mwisho.

"Mabasi ya watu gani hayo?" Punguza akauliza. "Yanatembea kinyumenyume?"

"Dada, nilikwambia ni mbali. Pandeni ndege ya ndani. Leo hii. Jioni mko hapa."

Akauliza bei ya ndege hiyo. Akaambiwa. Kwa kuwa ilikuwa ya leo leo, ilikula akiba yote ya tiketi ya rahisi na kurudia tena sahani. Fedha alikuwa nazo. Lazima lisemwe hilo, maana baadaye watu walimhurumia kama fukara. Zilikuwa kwenye mkanda kiunoni, za kununulia vitambaa vya kule aje avigeuze duka zima, mtaji wa msimu. Alizigusa juu ya nguo. Akamtazama mama yake aliyekaa ameinamisha kichwa, mkono mmoja umefunika jicho.

"Huo ni wizi," akasema. "Tunapanda basi."

Nchi ile haikuisha. Watu husema hivyo kwa kutia chumvi, lakini Punguza aliiona haiishi. Mashamba yalianza na kuendelea kuwa mashamba mpaka akadhani dereva anazunguka mahali pamoja. Alipomuuliza kwa ishara kama wako karibu, dereva alinyoosha kidole mbele, na walipofika huko mbele palikuwa na mbele nyingine. Mama alianza kwa kusema kichwa kinamgonga. Kisha akatapika kwenye mfuko. Kisha akasema taa zote zina pete, na mara ya kwanza Punguza akadhani anasifia.

"Pete gani, mama?"

"Pete za rangi, kama mafuta kwenye maji. Kila taa." Akasugua jicho. "Zinapendeza. Ila zinauma."

Walipita kibao chenye picha ya maporomoko, ile ile ya kwenye bango, na abiria wengi wakashuka na kamera zao. Mama alikuwa amejifunika khanga usoni. Punguza hakushuka.

Mahali pa kubadilisha basi la mwisho, aliuliza saa ya kuondoka, karani akamwandikia kwenye kiganja. Akatazama saa yake, akaona muda upo, akampeleka mama yake maliwatoni, akamnawisha uso, akamlazimisha kunywa chai. Waliporudi, nafasi ya basi ilikuwa tupu. Akamtolea karani yule maneno yote aliyokuwa nayo, kwa lugha yake mwenyewe, na karani hakufanya lolote ila kumuonyesha saa ya ukutani, kisha saa ya mkononi ya Punguza, kisha ya ukutani tena. Hazikuwa sawa. Ile nchi ni pana mpaka jua haliifikii yote kwa pamoja, na watu wake hurekebisha saa zao njiani bila hata kuwaza, kama mtu anavyofunga dirisha. Punguza aliamini saa ni saa. Basi lingine lilikuwa la kesho.

Wakalala kwenye viti. Hapo ndipo mama alipomuuliza, bila hasira, kama ile tiketi ya moja kwa moja, aliyoitaja yule msichana wa ofisini, iliwashinda kweli. Punguza akasema haikuwashinda. Mama akasema alitaka kujua tu.

Wiki iliisha wakiwa barabarani.

Nyumba ya yule mzee ilikuwa na geti la chuma na kengele. Mtoto wa mzee alishaondoka. Mlezi amesharudi kazini, na wageni hawaruhusiwi ndani. Alichoweza ni kutoka hapo getini wakati mzee amesinzia baada ya chakula cha mchana. Akatoka mbio na sare yake ya kazi, kitambaa cha pamba chepesi cha buluu hafifu, vifungo vya plastiki mbele. Akamkumbatia mama kwa nguvu mpaka mkoba ukaanguka. Mama akamshika mabega, akamsogeza nyuma kidogo kama watu wafanyavyo wanapotaka kumtazama mtu vizuri, akaelekeza uso wake kwake, pembeni kidogo ya uso wake, akasema, "Umependeza. Hiyo nyekundu imekukubali."

Mdogo mtu akatazama sare yake. Kisha akamtazama dada yake juu ya bega la mama.

"Asante, mama," akasema.

Wakaongea yale ya watu wanaopishana kituoni: fulani kaolewa, fulani kafa, unakula, unalala. Mama hakuachia mkono. Punguza akatoa mapazia, akasema haya yako, ya chumbani kwako. Mdogo wake akayapokea, akaupapasa uzito wake, akayarudisha. Chumba anacholala, akaeleza, hakina dirisha. Ni ukumbi mdogo mbele ya mlango wa mzee, ili amsikie akikohoa.

Kisha akamvuta Punguza kando, hatua chache tu, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Hiyo tiketi, walikupunguzia kiasi gani?"

Punguza akamtajia.

Mdogo mtu akacheka kidogo. Hakumcheka dada yake. Kilikuwa kicheko kile kile, cha kuicheka bidhaa, alichojifunza akiwa mtoto, amekaa chini ya meza ya mapazia. Kengele ikalia ndani ya nyumba. Akaenda.

Rafiki wa mdogo mtu aliwapeleka kwa daktari, dawa ikapatikana, na daktari akasema yale ambayo daktari wa nyumbani alishayasema, ila sasa kwa wakati uliopita. Walirudi getini mara moja zaidi, na safari hii mzee hakusinzia, wakaishia kusemezana na mdogo mtu kupitia kwenye kiboksi cha sauti cha ukutani. Hakukuwa na kukaa. Tiketi ya kurudi nayo ilikuwa inaondokea upande ule ule wa rahisi, na ili kuiwahi, iliwapasa wapande basi siku hiyo hiyo. Begi kubwa liliwapita njiani. Lilifika kwa yule rafiki, wao wakiwa tayari kwenye mashamba, na chupa zote za matone zimo ndani, hata moja haikupasuka.

Nyumbani watu walikuja kumuona mama. Wakamkuta amekaa kitandani, macho wazi, anawaelekea kwa masikio. Wakamuuliza kama alimuona mwanawe, na akajibu kwamba alimuona, yuko mzima, amependeza, amevaa nyekundu. Wakamshukuru Punguza kwa kumfikisha. Muuza vitanda alimwambia mbele ya watu kwamba mtoto kama yeye kila mzazi angemtaka, na Punguza akasema wakaribie chai.

Wageni walipokwisha kuondoka, Punguza akiwa anampangia mama mito, mama akasema, "Funga mlango. Niambie yukoje sasa."

Punguza akavuta kigoda. Akaanza kwamba amenawiri, ngozi ya kule imemkubali, anacheka, afya tele, ukimuona utadhani—

"Usiniuzie," mama akasema. "Niambie."

Akakisogeza kigoda karibu na kitanda. Kisha akamwambia. Amekonda. Sare ni ya buluu, si nyekundu, buluu iliyofuliwa sana, pamba nyepesi, nyuzi zimeanza kulegea kwenye mfuko, na kifungo kimoja si cha seti yake, kimeshonwa kwa uzi mweusi. Pindo limeshushwa, maana sare ilikuwa ya mtu mfupi kuliko yeye. Alivyoanza kueleza hakukosea kitu, kitambaa kile angeweza kukichagua kwenye rundo.

Mama alisikiliza mpaka mwisho wa pindo.

"Na uso?"

"Uso ni wake, mama."

"Lile kovu lake la kidevuni, la alipoanguka na ndoo. Bado lipo, au limefutika na ukubwa?"

Punguza alirudi pale getini kwa mawazo, akatafuta. Aliona vifungo. Aliona mkono wa mama umeshikilia mkono, akaona saa yake mwenyewe aliyokuwa akiitazama kila mara kwa ajili ya basi, akaona mapazia yanarudishwa. Alipanda juu kutoka kwenye kola ya sare na hakukuta kidevu.

Angeweza kusema lipo. Angeweza kusema limefutika. Yote mawili yangenunuliwa.

"Sijui," akasema. "Sikuangalia."

Mama akageukia upande wa ukuta na kuivuta khanga mpaka begani.

"Basi hata wewe hukumuona," akasema.